Ukinunua Rimu, Itazame Mgongoni



Tumepata barua ya baba mmoja wa upande wa Nyakahura, wilaya ya Biharamulo. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe ameomba hivyo. Baba huyu na mkewe waliuza ng'ombe, wakaongeza fedha za mahindi ya misimu miwili, wakanunua motokaa aina ya Toyota Noah iliyokwisha kutumika. Mtoto wao wa kiume ndiye dereva. Siku za kazi huchukua abiria kwenda Biharamulo na Nyakanazi, na Jumapili huwapeleka wanakwaya kanisani. Gari hilo ndilo linalolipa ada za shule za wadogo zake wawili.

Sasa kijana ataka kuvua rimu za chuma zilizokuja na gari, aweke rimu pana za alumini ambazo muuzaji amemwonyesha. Baba hataki. Kijana asema, "Baba, matundu ya nati kwenye gari letu ni matano, na rimu hizi zina matano. Nimejaribu moja, imeingia bila taabu." Baba hana la kumjibu ila kwamba hapendi kuona magurudumu yametokeza nje kama masikio ya tembo. Nyumbani kumekuwa hakuna maelewano, na baba aomba gazeti liamue.

Barua hii ni nzuri, maana baba ameandika pia namba alizozisoma kwenye rimu za zamani na kwenye hizo mpya. Bila namba hizo tungekuwa tunabahatisha. Lakini kabla ya kuamua yatupasa tueleze jambo lenyewe, kwa kuwa tunajua nyumba nyingi zenye Noah, Probox au Hiace zina ubishi wa namna hiyo hiyo.

Msomaji aliye karibu na barabara kuu asimame siku moja pale Nyakanazi, Lusahunga au Benako, ayatazame malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Atazame gurudumu la mbele. Ataona kwamba bamba la katikati, lile lenye nati, limevimba kuja nje. Kisha atazame gurudumu la nyuma. Pale bamba limezama ndani kama sufuria, hata mtoto angeweza kuketi humo. Wengi hudhani ni rimu za aina mbili. Sivyo. Katika malori mengi ni rimu ile ile moja, ila mbele imefungwa upande huu na nyuma imegeuzwa. Dereva akipata pancha aweza kuitoa ya mbele kuipeleka nyuma, na gari likaendelea na safari.

Hayo yawezekana kwa sababu bamba la rimu ya lori halikuwekwa katikati ya upana wake. Limewekwa pembeni kabisa. Nyuma ya lori tairi huenda mbili mbili, na rimu mbili zikigeuziana migongo yake, mabamba hugusana na tairi zenyewe hubaki zimeachana. Nafasi ile kati ya tairi mbili si mapambo. Tairi lililobeba mzigo huvimba upande wa chini, na tairi mbili zikigusana hapo husuguana, hupata moto, na mwisho hupasuka. Ndiyo maana madereva wa malori husimama kuchokonoa jiwe lililobanwa katikati.

Basi hilo ndilo jambo lote. Kila rimu, ya lori au ya motokaa ndogo, ina bamba linalogusana na habu ya gari. Bamba hilo laweza kuwa katikati barabara ya upana wa rimu, au laweza kusogezwa kuelekea nje, au kuelekea ndani. Umbali kati ya katikati ya rimu na uso wa bamba unaogusa habu ndio mafundi wauitao ofseti. Hupimwa kwa milimita. Bamba likiwa katikati kabisa, ofseti ni sufuri. Bamba likisogea kuelekea nje, upande tunaouona tukisimama kando ya gari, ofseti huitwa chanya, na gurudumu lenyewe huingia zaidi chini ya gari. Bamba likisogea kuelekea ndani, ofseti huwa hasi, na gurudumu hutokeza nje. Motokaa nyingi za leo, Noah na Probox zikiwamo, zina ofseti chanya.

Kipimo cha pili ni ndugu yake. Ukiilaza rimu kifudifudi, umbali kutoka ukingo wa nyuma hadi kwenye uso wa bamba tutauita kina cha nyuma. Kina hiki chaonyesha ni sehemu gani ya rimu itakayoingia ndani kuelekea shokapu, springi na mpira wa breki. Ofseti husema gurudumu limekaa wapi. Kina cha nyuma husema kitu gani kitagongwa.

Je, kwa nini milimita hizo ziwe na maana kubwa hata watu wagombane?

Mama anayechota maji ajua jibu. Ndoo ya lita 20 ukiibeba mkono ukiwa umeshuka karibu na paja, waweza kufika nayo nyumbani. Jaribu kuibeba ndoo hiyo hiyo mkono umenyooshwa kando. Uzito wa maji haukuongezeka hata tone, lakini bega haliwezi. Beringi ya gurudumu ndilo bega la gari. Mtengenezaji alipochora gari alipanga uzito upite mahali fulani, karibu na katikati ya beringi, ili pande zote mbili zishirikiane kubeba. Ukilisogeza gurudumu nje, uzito wote wa kona ile ya gari huning'inia mbali na beringi, na upande mmoja wake huchoka kabla ya wakati. Kwanza husikia mlio kama wa ndege iliyo mbali. Baadaye gurudumu hucheza. Fundi hubadilisha beringi, na baada ya miezi michache yaleyale hurudi, kisha fundi hulaumiwa bure.

Tena kuna usukani. Gurudumu la mbele hugeuka kwa kuzunguka mstari fulani, kama mlango unavyozunguka bawaba zake. Mahali tairi ligusapo ardhi pakiwa karibu na mstari huo, jiwe au shimo halina nguvu ya kulipindua gurudumu. Pakiwa mbali, jiwe hupata mkono mrefu wa kusukumia. Kila mtu ajua kwamba mlango husukumwa kwa urahisi kwenye ukingo wake, wala si karibu na bawaba. Basi dereva mwenye magurudumu yaliyotokeza nje huona usukani ukimpokonya mikono kila gurudumu moja linapoingia shimoni. Kwenye lami iliyonyooka hatambui sana. Kwenye barabara ya changarawe yenye makorongo, wakati wa masika, upande mmoja ukiwa matope na mwingine mkavu, akifunga breki gari huvuta upande. Barabara zetu za vijijini msomaji azijua mwenyewe.

Na kuna bodi. Gari likiwa tupu mbele ya duka, rimu pana hupendeza macho. Wapakie watu wanane, gunia mbili za maharagwe na mikungu ya ndizi juu, uvuke tuta. Springi hushuka, na tairi lililotokeza nje hukutana na ukingo wa madigadi. Ukingo ule ni bati lililokunjwa, na hukata tairi kama panga. Hata lisipokatwa, tairi lililo nje ya madigadi hurusha mawe na matope kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Mama aliyevaa nguo yake ya Jumapili hatamsifu dereva huyo.

Sasa turudi kwa kijana wetu na namba zake. Baba ameandika kwamba rimu ya zamani imegongwa maandishi 15×6J, na pembeni ET 50. Rimu mpya imeandikwa 15×7J na ET 20. Tuyasome. Namba 15 ni kimo cha rimu kwa inchi, pale tairi linapokaa. Namba 6 na 7 ni upana wa ndani kwa inchi. Herufi J ni umbo la ukingo. Herufi ET zatoka katika neno la Kijerumani lenye maana ya ofseti, na namba inayofuata ni milimita. Mara nyingi maandishi haya yako nyuma ya rimu au karibu na matundu ya nati, na kama yamefunikwa na matope, yasuguliwe kwa brashi.

Hesabu ni hii, na mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya. Inchi moja ni milimita 25 na kidogo. Inchi 6 ni milimita 152, na nusu yake ni 76. Ofseti ya 50 ni chanya, maana yake gurudumu limeingizwa ndani kwa 50. Basi kutoka uso wa habu kuja nje, rimu ya zamani ilitokeza 76 kutoa 50, yaani 26. Rimu mpya ni inchi 7, yaani milimita 178, na nusu yake ni 89. Toa ofseti ya 20, hubaki 69. Kutoka 26 hadi 69 ni milimita 43. Kila gurudumu litatokeza nje zaidi kwa milimita 43, karibu upana wa vidole viwili na nusu vya mtu mzima. Macho ya baba hayakumdanganya.

Upande wa ndani, rimu ya zamani iliingia 76 na 50, yaani 126. Mpya itaingia 89 na 20, yaani 109. Kwa hiyo kwa ndani hakuna hatari ya kugonga shokapu, maana imesogea mbali kwa milimita 17. Hapo kijana asema kweli aliposema zinaingia bila taabu. Shida iko upande mwingine. Katikati ya tairi, mahali panapobeba uzito, pamesogea nje kwa tofauti ya ofseti mbili, yaani milimita 30. Hiyo ndiyo ndoo iliyosogezwa mbali na paja, kila siku, na abiria ndani.

Pengine msomaji ana rimu isiyo na maandishi, au yamesuguliwa na kupakwa rangi. Rimu zilizotumika zinazotoka ng'ambo huja za kila namna. Asikate tamaa. Achukue ubao ulionyooka na futi ya fundi seremala. Ailaze rimu kifudifudi juu ya gunia. Tairi liwe limetolewa, kwa sababu likiwamo ubao utaegemea mpira badala ya ukingo wa chuma, na kipimo kitadanganya. Auweke ubao juu ya mgongo wa rimu, ukingo hadi ukingo, apime kushuka chini hadi kwenye uso wa bamba unaogusa habu. Hicho ndicho kina cha nyuma. Kisha apime upana wote wa rimu kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa ndani. Upana huu utazidi ule ulioandikwa kwa kama inchi moja, kwa kuwa kila ukingo una unene wake wa kama nusu inchi.

Kwa rimu ya zamani ya Noah yetu atapata upana wote kama milimita 178 na kina cha nyuma kama 139. Nusu ya 178 ni 89, na 139 kutoa 89 ni 50. Ndiyo ofseti ile ile iliyoandikwa. Kwa rimu mpya atapata upana wote kama 203 na kina cha nyuma kama 121 au 122. Kama hapendi mambo ya nusu, aache. Atoe tu kina cha nyuma katika upana wote. Ya zamani yabaki 39, mpya yabaki 81 au 82. Tofauti ni zile zile 43, kwa ubao na futi tu.

Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimpimia rimu zake kabla ya kulipa. Anayekasirika, muage kwa heshima.

Tumesema habari za kutokeza nje, lakini kosa la kuingia ndani mno halipungui ubaya, nasi twalihofia zaidi. Mtu aweza kununua rimu pana yenye ofseti ile ile ya 50 akidhani amefuata sheria. Rimu ikiongezeka inchi moja kwa upana huku ofseti ikibaki, nusu ya inchi huenda nje na nusu huenda ndani, yaani kama milimita 13 kila upande. Milimita 13 zaweza kuwa ndiyo nafasi yote iliyokuwapo kati ya tairi na shokapu. Gari likisimama halionyeshi neno. Likikata kona kali, usukani ukiwa umefika mwisho, tairi hulamba mpira wa breki. Leo hulamba, kesho hulamba, na mpira huwa mwembamba. Kisha siku moja gari limejaa, linateremka kwenda Rusumo kwenye mto Kagera, dereva akanyaga breki, na breki inazama hadi chini. Medali ya Mtakatifu Kristofa iliyotundikwa kwenye kioo twaiheshimu, lakini haikuwekwa pale ili kufanya kazi ya mpira wa breki.

Kwa hiyo rimu yoyote ngeni ijaribiwe hivi. Ifungwe, gari likiwa juu ya jeki na vigingi imara. Izungushwe kwa mkono, usukani ukizungushwa kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Kabla ya kuifunga, bandika donge dogo la udongo laini ndani ya rimu mahali itakapopita karibu na kalipa ya breki. Izungushe, uivue, utazame donge limebaki na unene gani. Kisha lishushe gari, lipakie watu, ulitikise, na kutazama tena tairi na madigadi. Kazi hii ni ya saa moja.

Magari ya misioni na ya vituo vya afya yana mtego wao. Wengi wetu huku Ngara tulizizoea Land Cruiser mwaka 1994, wakati watu kama robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, na Benako ikawa mji wa mahema. Magari ya misaada yalijaa kila njia. Watu wakaona kwamba gari lenye nguvu lina matundu sita ya nati, na wengine wakashika hivyo kama katekisimu: sita kwa sita. Lakini tangu mwaka 1999 Land Cruiser za mfululizo wa 70 huja na matundu matano. Hilux, Prado na Pajero zina sita, na duara la matundu hayo ni lile lile la milimita 139.7. Basi rimu ya Pajero yaonekana kama yafaa kwenye Prado. Haifai. Tundu la katikati la rimu ya Pajero lina kama milimita 67, na habu ya Prado yataka 106, hivyo haiingii. Nasi twasema ni bahati njema, kwa kuwa kuna nyingine ambazo huingia na ofseti yake si yenyewe. Magari ya zamani yenye ekseli moja nzima mbele mara nyingi yalikuwa na rimu za ofseti ndogo, karibu na sufuri. Mapya ambayo kila gurudumu la mbele lina mikono yake huwa na 30 na kupita. Ukichukua rimu ya zamani ukaiweka kwenye gari jipya, matundu yanapatana, tundu la katikati lapatana, na gurudumu linatokeza nje. Kuhesabu matundu hakutoshi.

Na tusidhani kwamba watengenezaji wenyewe hawana mambo yao. Mwaka 2007 Toyota ilipoweka injini ya silinda nane katika Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ilibidi mbele ipanuliwe ili injini ienee. Nyuma haikupanuliwa. Magurudumu ya nyuma yakabaki ndani ya njia ya yale ya mbele, tofauti ya karibu milimita 95 ukijumlisha pande mbili. Waaustralia, ambao hutumia sana gari hilo kwenye mchanga, walinung'unika kwamba magurudumu ya nyuma yanachimba njia mpya badala ya kufuata ile iliyokwisha kukanyagwa. Wengine wakaweka rimu za nyuma zenye ofseti tofauti, wengine wakabadilisha ekseli yote. Hivyo si kweli kwamba kubadili ofseti ni dhambi. Hata mkulima mwenye trekta hufanya hivyo kwa makusudi. Trekta nyingi zina rimu za nyuma ambazo bamba lake hufunguliwa na kugeuzwa, ili magurudumu yaachane zaidi au yakaribiane, yapite kati ya matuta ya mahindi bila kuyakanyaga. Lakini trekta ilitengenezwa kwa jambo hilo, na huenda polepole.

Kijana asiyepata rimu ya ofseti anayoitaka huambiwa na marafiki aweke spesa, yaani bamba la chuma kati ya habu na rimu. Sisi hatuipendi spesa. Kwanza hufanya kazi ile ile ya kulisogeza gurudumu nje. Pili hula urefu wa bolti za habu, na nati hushika meno machache. Bolti za Toyota ndogo zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa nati husogea milimita moja na nusu. Nati yafaa iingie angalau kwa kiasi cha unene wa bolti, yaani mizunguko minane ya mkono tangu meno yaliposhikana. Hesabu mwenyewe. Ikigota baada ya mizunguko minne au mitano, usilipeleke gari barabarani.

Neno la nati tulimalize hapa hapa, maana rimu mpya mara nyingi hufungwa kwa nati za zamani. Rimu za chuma za Toyota hufungwa kwa nati zenye kichwa kilichochongoka kama pia. Rimu nyingi za alumini za Toyota zenyewe zataka nati zenye shingo na washa bapa. Rimu za alumini za viwanda vingine mara nyingi hurudi kwenye nati za kuchongoka. Nati ya kuchongoka kwenye tundu la bapa hushika kwenye ukingo tu, na baada ya kilomita chache hulegea. Kila rimu na nati yake. Na hata zikiwa zenyewe, zikazwe tena baada ya kilomita 50 au 100 za kwanza.

Sasa hukumu, maana ndiyo tuliyoombwa.

Baba ana haki kuhusu rimu hizi zilizoandikwa 15×7J na ET 20. Zisinunuliwe kwa gari hili. Milimita 43 kila upande kwa gari la abiria linalopita changarawe ni nyingi mno. Beringi, mipira ya usukani na tairi vitakula fedha za ada, na hatari itawaangukia watu waliolipa nauli.

Lakini kijana naye asinyamazishwe kama mtoto. Rimu za alumini si ubaya. Magari mengi ya namna hiyo huja nazo tangu kiwandani. Tena kijana ana hoja moja ambayo baba hakuiandika kwa kuisifu, ila ameiandika: kwamba magurudumu yakiachana, gari halipinduki upesi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Walakini kupinduka kwa magari haya hutoka zaidi katika mwendo wa kasi na mizigo iliyorundikwa juu ya paa, na hayo mawili yako mikononi mwa dereva bila kununua kitu. Kijana aruhusiwe kutafuta rimu za alumini za 15×6J zenye ET 50, au karibu sana na hapo, tundu la katikati likiwa sawa na habu, na nati zake zenyewe. Tofauti ya milimita tano haitatuletea barua nyingine. Kumi tungeanza kuuliza maswali. Na zikipatikana, zile za chuma zisiuzwe. Rimu ya chuma ikigonga jiwe hupinda, na fundi aweza kuinyoosha kwa nyundo akiwa kijijini. Ya alumini ikigonga jiwe hilo hilo yaweza kupasuka, na huku kwetu si kila mahali pana mtu wa kuichomelea, wala sisi hatupandi gari lenye rimu ya alumini iliyochomelewa.

Siku ya kwenda kununua, waende wote wawili. Baba achukue rimu moja ya zamani garini, isiyo na tairi, na ubao. Kijana achukue futi na karatasi. Wapime ya zamani kwanza mbele ya muuzaji, waandike upana wote na kina cha nyuma, ndipo waseme habari ya bei.

Wasomaji wa Ngara waliotuuliza habari za tairi zilizotumika, namna ya kusoma tarehe ya kutengenezwa kwake pembeni mwa tairi, watajibiwa juma lijalo. Wakati huo huo wazitazame zile namba nne mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT, waziandike, na kutuletea.